Kipande cha Sabuni

Mimi ni muuza leso. Duka langu liko Barabara ya Biashara, Mombasa, chumba kimoja tu alichokianza marehemu babangu, na humo ndimo nilimokulia nikikunja doti na kusoma majina yaliyoandikwa juu yake. Wenzangu wa pale mtaani wameniuliza mara nyingi kwa nini kikundi chetu hakionekani tena na lori la vyakula ikifika Ramadhani. Nimekuwa nikijibu kwa mkato. Leo nataka kulieleza jambo lote, kwa sababu limenibadilisha, na sioni vyema kubaki nalo peke yangu.

Tulikuwa wanawake saba. Tulianza mwaka 2010. Kila mwaka, kuanzia Rajabu, kila mmoja alitoa alichoweza, na mwezi wa mlisho ukiisha tulikuwa na kitu cha maana. Tulinunua mchele, unga, mafuta ya kupikia, sukari, tende, madaftari, na sabuni za mche ambazo tulizikata vipande kila mtoto apate chake. Jumamosi ya pili ya mfungo tulikodi lori tukavuka daraja la Nyali, tukapita Mtwapa, tukaenda hadi kwenye makao ya watoto huko kaskazini mwa pwani. Jina la makao sitalitaja. Watoto walikuwa 42. Walijipanga uani wakatuimbia wimbo wa kukaribisha wageni, nasi tukasimama nyuma ya magunia, bango la kikundi chetu juu ya vichwa vyetu, tukapigwa picha.

Nilikuwa nikilala usingizi mzito usiku wa siku ile. Sisemi kwamba nia yetu ilikuwa mbaya. Niliwapenda watoto wale na ninawapenda hadi leo. Babangu alifariki nikiwa na miaka 11, na kila nilipomwona mtoto amesimama peke yake pembeni moyo wangu ulikwenda kwake.

Mmoja wao nitamwita Kadzo, ingawa si jina lake. Alikuwa hanifichi mapenzi yake. Nikishuka tu garini alikuwa ameshaushika mkono wangu. Ramadhani ya mwaka 2017 alikuwa na miaka tisa. Tulipomaliza kupakua mizigo alinivuta kwa buibui hadi nyuma ya jiko, akaangalia huku na huku, akatoa chini ya gauni lake kitu kilichofungwa kwa karatasi ya daftari. Kilikuwa kipande cha sabuni, kimoja kati ya vile tulivyowapa mwaka uliopita. Alikuwa hajakitumia.

"Mama, mpelekee mamangu."

Nilidhani sikusikia sawa. "Mamako yuwapi, mwanangu?"

"Ganze."

"Yu hai?"

Aliniangalia kwa mshangao, kama kwamba nimemuuliza jambo asiloweza mtu mzima kutolijua. "Yuko. Hana sabuni."

Jioni ile nilifuturu kwa maji tu. Kesho yake nilimpigia simu mlezi mkuu wa makao, mwanamke mwenye huruma ambaye alikuwa akilala chumba kimoja na watoto wadogo wanaougua. Hakunificha. Aliniambia wengi wa watoto wale wana mama, na wengine wana baba pia. Wageni wakija husema wanataka kuwasaidia mayatima, naye hana nguvu za kumrekebisha mtu aliyekuja na magunia kumi ya mchele. Sikumkasirikia. Miaka saba nilikuwa nimeingia na kutoka pale, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza mtoto kwao ni wapi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hali ile haikuwa ya makao yale peke yake. Ripoti ya shirika la Save the Children ya mwaka 2009 ilieleza kwamba duniani, katika kila watoto watano wanaoishi kwenye makao, wasiopungua wanne wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Wengi wa watoto kama hao hupelekwa kwa sababu ya umaskini, na hupelekwa pale chakula kilipo.

Baada ya Idd nilikwenda Ganze. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Februari serikali ilikuwa imeutangaza kuwa janga la taifa. Ukitoka mjini Kilifi kuelekea bara, minazi inaisha mapema, kisha ni vichaka vya miiba na vumbi jekundu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri wateja kando ya magunia ya makaa ndiye aliyenionyesha njia. Mama Kadzo nilimkuta naye anachoma makaa. Mumewe alifariki mwaka 2013 akamwachia watoto wanne. Mbuzi waliokuwapo waliuzwa mmoja mmoja, na wa mwisho alikufa kwa kiu.

Nilimpa sabuni ya mwanawe. Aliifungua polepole. Sabuni yenyewe aliiweka juu ya jiwe, lakini ile karatasi aliinyoosha juu ya paja. Ilikuwa na hesabu za kujumlisha, kwa mwandiko wa Kadzo, na alama nyekundu za mwalimu. Hakujua kusoma. Aliipapasa kwa kidole mstari kwa mstari, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso yake, pale wanawake wanapofunga pesa. Leso ilikuwa imepauka hata jina lake halisomeki. Mimi ninayeishi kwa kuuza leso sikupata la kusema.

Nilimuuliza ilikuwaje mtoto akaondoka. Alinijibu bila lawama yoyote. Mtu alifika kijijini akasema kuna mahali karibu na bahari watoto wanakula mara tatu kwa siku na wanasomeshwa. Aliwatazama watoto wake wanne akachagua mmoja. "Kule ndiko chakula kilikokuwa, mama. Ningefanyaje? Watu wema wa Mombasa wanakipeleka kule."

Watu wema wa Mombasa tulikuwa ni sisi.

Nimeifikiria sentensi ile miaka yote hii. Chakula tulikipitisha barabara kuu, tukakimwaga nyuma ya ukuta mmoja, na mama aliyetaka mwanawe ale akalazimika kumtoa mikononi mwake na kumpeleka nyuma ya ukuta ule. Usiku niliporudi nilitoa daftari la hesabu za kikundi. Lori, bango, fulana zenye jina letu na kamera vilitugharimu mwaka ule shilingi 31,000, kabla hatujanunua hata kilo moja ya mchele. Nilikuwa nimemuuliza Mama Kadzo angehitaji nini ili mtoto abaki nyumbani. Elimu ya msingi ni bure nchini mwetu tangu mwaka 2003, lakini sare si bure, viatu si bure, na mtoto mwenye njaa hafiki shuleni. Tulipohesabu pamoja tulifika shilingi 3,000 kwa mwezi. Serikali nayo ina mpango wake wa fedha kwa familia zinazolea mayatima, ulioanza mwaka 2004, na mwaka ule wa 2017 ulikuwa ukitoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Yeye hakuwa kwenye orodha. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kuna orodha.

Lililonichoma zaidi lilikuwa la dini, kwa maana kutoa kwangu ni ibada. Katika Uislamu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Mama yake aweza kuwa yu hai, ameketi naye chumba kimoja. Mimi mwenyewe nilikuwa yatima nikilelewa na mamangu. Mtume wetu alizaliwa baba yake ameshafariki, akampoteza mama yake Amina akiwa na miaka sita, akachukuliwa na babu yake Abdul Muttalib, na babu alipofariki akalelewa na ami yake Abu Talib. Mikono ilibadilika, lakini ilikuwa mikono ya ukoo wake. Nilikuwa nimesikia sira hii tangu chuo cha Kurani, nikaisimulia kwa wanangu, na bado nilipotaka kumhurumia yatima nililitafuta jengo.

Nilipowaeleza wenzangu, kikundi kiligawanyika. Dada mmoja ninayemheshimu sana alilia akasema nimemharibia sadaka yake ya miaka saba. Nilimwambia sadaka yake iko kwa Mola wake, na watoto wale walishiba. Mimi nazungumzia mwaka ujao. Hakukubali. Watatu waliondoka, nasi tukabaki wanne.

Watu hudhani kumrudisha mtoto kwao ni kumpandisha gari. Sivyo, na haifai kuwa hivyo. Tulikwenda kwa afisa wa watoto, na mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, wa Agosti na kisha wa marudio wa Oktoba, kila faili ikisubiri. Ilibidi mfanyakazi wa ustawi wa jamii afike nyumbani kwa Mama Kadzo, aone mtoto atalala wapi, azungumze na mjumbe wa nyumba kumi na mwalimu mkuu, kisha mtoto aende kwa siku chache, arudi, aende tena. Si kila mtoto aliondoka kwao kwa njaa tu. Wengine walipigwa, na nyumba ya namna hiyo huwezi kumrudishia mtoto kwa sababu wewe unatamani hadithi njema. Tulichofanya sisi wanne ni kulipa nauli za mfanyakazi yule, maana ofisi yake haikuwa na mafuta ya gari. Katika pesa zote nilizowahi kutoa maishani, nauli zile ndizo ninazoziona zilifanya kazi kubwa kuliko nyingine, na hakuna picha inayoweza kuzionyesha.

Kadzo alirudi Ganze Januari 2018, shule zilipofunguliwa. Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Alikuwa amezoea kitanda, akawa anashtuka gizani, na Kigiriama kilikuwa kimempotea, akimjibu nyanyake kwa Kiswahili. Mama yake alinipigia simu usiku akiniuliza kama amekosea kumchukua. Nilimwambia asubiri. Nami mwenyewe sikuwa na hakika.

Kila tarehe tano tulimtumia Mama Kadzo shilingi 3,000 kwa M-Pesa, halafu tukaongeza akina mama wengine watano. Hatukuwapa masharti. Mmoja wetu aliogopa pesa zitaishia kwenye pombe ya mnazi, na mimi nilikuwa na wasiwasi huohuo, hadi mwanangu aliponieleza utafiti uliofanywa Rarieda, upande wa Nyanza, ambako shirika la GiveDirectly lilizipa familia maskini pesa taslimu bila masharti kuanzia mwaka 2011. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizilinganisha na familia zisizopewa. Zilizopewa zilikula vizuri zaidi na zikawa na mali zaidi, na matumizi yao ya pombe na sigara hayakupanda. Nilitulia. Hata hivyo si kila nyumba ilikwenda sawa. Kwa mama mmoja shemeji yake alikuwa akiichukua simu kila tarehe tano, na tuligundua baada ya miezi minane. Mtoto wake alikuwa amerudi makaoni kwa miguu yake mwenyewe.

Makao yale hatukuyakatia chakula ghafla. Watoto waliomo wana matumbo leo, si baada ya mageuzi kukamilika. Tuliendelea kupeleka mchele na maharagwe kila mwezi kidogo kidogo, bila bango, tukipunguza kadiri watoto walivyopungua. Mlezi mkuu ndiye aliyekuwa msaidizi wetu mkubwa kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyejua kila mtoto analia jina la nani akiugua. Wakati huohuo nchi nayo ilikuwa ikigeuka: Novemba 2017 usajili wa makao mapya ya watoto ulisimamishwa, na mwaka 2022 tulipata sheria mpya ya watoto na mkakati wa miaka kumi wa kurudisha malezi kwenye familia. Nilifurahi kusikia kwamba sheria ile inaitambua hata kafala, ile njia yetu ya Kiislamu ya kumlea mtoto bila kumvua nasaba yake.

Sasa duka likifungwa jioni ya tarehe tano naketi juu ya kiti cha babangu nikituma pesa, jina baada ya jina. Haina shangwe. Hakuna mkono mdogo unaoushika mkono wangu, na nakiri kwamba nimeukosa mkono ule. Kadzo ni msichana mkubwa. Alikuja Mombasa mara moja na mama yake, wakachagua leso dukani kwa muda mrefu sana, yeye akimsomea mama yake jina la kila moja kwa sauti. Walilipa. Nilitaka kuwapunguzia bei, nikaona jinsi mama alivyokwishafungua pindo na kushika pesa mkononi, nikanyamaza nikapokea.

Makaoni wamebaki watoto 11. Mmoja, mvulana wa miaka 13, hajui kwao. Anakumbuka tu mwembe mkubwa na shangazi aliyekuwa akikaanga mihogo. Juzi mlezi mkuu alipata fununu ya mwanamke anayekaanga mihogo huko Magarini, ambaye miaka kumi iliyopita alimpoteza mtoto wa kaka yake. Jumamosi mimi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii tunapanda matatu ya saa kumi na mbili asubuhi. Nimebeba picha ya mvulana, leso moja, na nauli ya kurudi ya watu watatu, endapo shangazi atataka kuja nasi.