Pole ya Msiba

Magomeni, mwishoni mwa miaka ya tisini, msichana aliyemaliza darasa la saba alisubiri mambo mawili: matokeo na dawa ya nywele. Shuleni vichwa vilinyolewa. Mwalimu wa zamu alipitisha vidole kichwani, na nywele zikishikika, mkasi ulifuata. Tukafika ukubwani hatuzijui nywele zetu wenyewe. Zilipoanza tu kuota, tukapelekwa saluni.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya watu. Kabla ya yote dada alikupaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, kisha akaanza kisogoni, akisambaza dawa kwa mpini wa kitana.

"Inawasha?"

"Inawasha, dada."

"Vumilia, bado haijashika."

Aliyejikuna jana yake alijuta, maana palipokunwa paliungua kwanza. Baadaye nilikuja kujua kuwa nyingi za dawa zile zina kostiki soda, ileile ya kupikia sabuni. Huvunja viungo vya ndani vinavyoufanya unywele ujikunje, na ikikaa kidogo zaidi haichagui kati ya unywele na ngozi.

Hakuna Mzungu aliyetushika mkono kutupeleka saluni. Aliyenipeleka ni mama mdogo, na pesa alitoa yeye, kwa mapenzi. "Sasa utaonekana msafi," aliniambia. Usafi ndio uliotumaliza. Mtu akikwambia si mzuri unaweza kumbishia. Akikwambia mchafu, unakwenda kunawa.

Na nchi hii iliwahi kuelekea upande wa pili! Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 mawigi marufuku, krimu za kuchubua ngozi marufuku, sketi fupi marufuku. Kabla hata siku haijafika, vijana walikuwa wakiwaandama wasichana Kariakoo. Bibi yangu alilisimulia hilo bila kucheka. Naona alikuwa na haki: wigi lilivuliwa kwa amri, kama sisi tulivyonyolewa kwa amri, na mwenye kichwa hakuulizwa.

Mwaka 2007 mrembo wetu Flaviana Matata alikwenda Mexico City kwenye Miss Universe na upara wake, akaingia kumi bora. Barazani kwetu waliokuwa wakiuliza mrembo gani hana nywele walitafuta mazungumzo mengine. Mama mdogo hakukubali kushindwa: "Yule ana sura."

Mimi niliacha dawa kwa sababu isiyo na ushujaa wowote: nywele za pembeni zilikuwa zimekatika. Kazi ikawa kungoja mpya ziote. Mizizi kipilipili, ncha singa, na zikawa zinakatikia palepale zinapokutana. Nikachoka, nikazikata zote. Zilipofika urefu wa kuchanika nikaenda nazo kazini hivyohivyo, na mwenzangu mmoja akanipa pole ya msiba.

Msusi wa mtaani naye alinichana kavu, chanuo likianzia kwenye ngozi, huku akilalamika kuwa nywele ni ngumu, na mwisho akaongeza bei. Nyumbani nilijaribu kwa namna yangu: maji kwenye chupa ya kupulizia, mafuta ya nazi, nywele zikagawanywa mafungu manne, chanuo likaanzia nchani na kupanda taratibu. Zikalegea. Nikajisuka twende kilioni, mistari ikapinda, nikatoka nayo.

Siku hizi saluni za nywele za asili zipo, ila bei zao ni za wenye magari. Kwa hiyo ombi langu ni kwenu wasusi wa mitaani, ambao ndio wenye vichwa vyetu: lowesheni kwanza, anzeni nchani, na msimtoze mtu nyongeza kwa nywele alizozaliwa nazo.