Sahani ya Jirani



Juma hili tunawashirikisha jambo dogo lililotupata hapa Bagamoyo. Limetufundisha maana ya kuwa mgeni kuliko vitabu vingi tulivyosoma seminarini.

Sisi mapadre wawili wa nyumba hii ni watu wa bara, tuliolelewa katikati ya migomba na baridi ya milimani. Tulipotumwa pwani tulidhani tunahamia tu upande mwingine wa nchi ileile, kwa watu wa lugha ileile. Kumbe tulikuwa wageni. Hapa salamu haina haraka: mtu hukuuliza habari za nyumbani, za kazi, hata za wazee uliowaacha kwenu, na ndipo aseme shida yake. Sisi tulianza na shida. Hapa hodi hupigwa mara tatu, na usipoitikiwa unarudi zako. Sisi tulichungulia dirishani.

Katika Ramadhani yetu ya kwanza, jioni moja, bibi mmoja jirani alimtuma mjukuu wake atuletee sahani iliyofunikwa kwa kawa. Ilikuwa mihogo ya nazi na vipande vya samaki. Tulikula tukashiba. Kisha, tunaungama mbele yenu, tukaulizana: "Huyu anataka nini kwetu?" Tulikuwa tumezoea wanaobisha hodi kwa ajili ya ada ya shule au dawa. Sahani tukaiosha, tukaiweka kabatini. Hatukujua kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, wala haikawii kurudi. Hurudi na chochote, japo maembe mawili.

Siku chache baada ya Idi bibi yule alifariki. Tulikwenda msibani, tukasimama mbali tusijue pa kukaa. Mzee mmoja akatufuata. "Padri, mbona mwasimama juani? Msiba ni wetu sote. Karibuni barazani." Tuliketi mkekani pamoja na wengine, na wakati wote ule sahani ya marehemu ilikuwa kabatini mwetu.

Tuliirudisha siku ya tatu, pamoja na mchele na sukari, nyuso zetu zimejaa haya. Binti yake aliipokea kwa mikono miwili, akasema: "Mama alikuwa akiuliza kila mara kama samaki wake aliwapendeza." Hilo tu ndilo alilotaka kwetu, nasi hatukumjibu.

Tangu siku hiyo tunayapita makaburi ya wamisionari kwa macho mengine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakaanzisha hapa misheni na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Wengi wao walikufa kwa homa wakiwa bado vijana. Tumezoea kusimulia waliyotoa: kanisa, shule, mashamba. Ni mara chache tunakumbuka waliyopokea. Walikuwa wageni katika nchi ya Sultani wa Zanzibar, kati ya majirani Waislamu. Padre Charles Sacleux, mmoja wa shirika hilo aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa mwaka 1939. Maneno yale aliyapokea vinywani mwa watu wa pwani.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, Bwana anawatuma wanafunzi wake bila mfuko wala mkoba, akiwaagiza wale wanachoandaliwa na wenyeji wao. Naye mwenyewe, kisimani Samaria, alianza kwa kuomba maji. Sisi tulikuja Bagamoyo tukiwa tayari kutoa, lakini kupokea hatukuwa tumejifunza. Asiyejua kupokea humwona kila anayemkaribia kuwa mwombaji.

Ramadhani iliyofuata, mjukuu yule alikuja tena, na sahani ileile, chini ya kawa ileile. Safari hii tuliuliza kwanza habari za nyumbani. Kesho yake asubuhi tuliirudisha wenyewe, tukapiga hodi, tukangoja tukaribishwe, tukasema kwamba samaki alikuwa mtamu sana.

Ndugu mpendwa, hebu fungua kabati lako juma hili. Huenda imo sahani ya mtu anayengoja jibu.

Tunawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.