Mama Aliyekaa Mbali

Leo nakusimulia habari ya sungura. Nivumilie, utaona kwa nini.

Binti yetu ana miaka 9. Mwaka jana alituomba sungura, tukamletea wawili. Tuliambiwa wote ni majike. Hapo sitasema zaidi. Siku moja mmoja akaanza kujinyofoa manyoya ya tumboni na kuyatandika ndani ya sanduku. Mimba ya sungura ni kama siku 31, kumbe zilikuwa zimetimia. Kesho yake tukakuta watoto 7, wekundu, bila nywele, macho yamefumba.

Sasa nisikilize. Siku nzima yule mama hakuingia sandukuni. Alikaa pembeni akitafuna nyasi kana kwamba hajazaa. Siku ya pili vilevile. Binti yangu akalia, "Baba, mama yao amewakataa." Nami, bila kuuliza mtu, nikakubali. Jioni nikawaleta watoto ndani ya nyumba, nikawapa maziwa ya ng'ombe kwa sirinji. Kufikia asubuhi 3 walikuwa wamekufa. Maziwa yaliwapalia. Nimesimamia mazishi mengi, mpendwa, lakini kumwambia mtoto wangu kwamba ni baba aliyefanya hivyo, nilikosa maneno.

Jirani yetu, mzee ambaye amefuga sungura miaka mingi, aliniuliza swali moja tu: "Pasta, ulipowatoa, matumbo yao yalikuwaje?" Nikakumbuka. Mviringo, kama ndimu. "Basi walikuwa wameshiba. Mwenye njaa ngozi yake hukunjamana, na hatulii."

Akanifundisha. Sungura hunyonyesha mara 1 kwa siku, pengine 2, na ni dakika chache tu, 3 hadi 5, mara nyingi usiku au alfajiri. Maziwa yake ni mazito, yanatosha. Halafu anaondoka. Kule porini ndivyo anavyofanya ili adui asifuate harufu yake mpaka kwenye shimo la watoto. Kukaa kwake mbali ndiko kuwalinda.

Tukawarudisha wale 4. Saa 10 alfajiri, nilipoamka kuomba, nikachungulia dirishani. Taa ya nje ilikuwa inawaka. Nikamwona akiruka ndani ya sanduku. Sikuwa nimemaliza hata kuwataja wazee wa kanisa kwa majina, ametoka, amerudi pembeni pake.

Sikuweza kuendelea na maombi. Kuna mama katika kanisa letu anayelea watoto peke yake. Saa 9 usiku yuko barabarani kwenda Marikiti kununua mboga, na jioni anauza kibandani mpaka giza. Watoto hushinda kwa majirani. Nilikuwa nimemwita ofisini, wazee 2 wakiwepo, nikamwambia ameachia barabara watoto wake. Sikuuliza wamekula nini. Sikuuliza sare zao zinafuliwa saa ngapi, na kila Jumapili naziona ziko safi. Hakunijibu. Tangu siku hiyo aliacha kuja ibada ya Jumatano.

Jumamosi nilienda kwake. Alikuwa anamsuka binti yake, sufuria ya maharagwe iko jikoni. Nilimwomba msamaha watoto wakisikia, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya watu. Alinyamaza, akamaliza ule msitari wa nywele, ndipo akasema, "Pasta, keti, kuna chai." Jumatano bado hajarudi. Sijamuuliza.

Wale 4 waliota manyoya ndani ya wiki ya kwanza. Siku ya 11 walifumbua macho, na kufikia siku ya 18 walikuwa wanatoka sandukuni wenyewe. Tuliwaacha na mama yao hadi wiki ya 6. Kama unafuga, angalia matumbo mara moja kwa siku, mikono safi, funika, ondoka. Kwetu kazi hiyo ni ya binti yangu. Mimi ameniambia nisikaribie sanduku.