Gemu ya kamera, bila risasi

Wasee, kila nikisema gemu ninazopenda hazina bunduki, marafiki zangu hapa Isiolo hunicheka. "Sasa unashinda aje?" Unashinda kwa kuangalia, basi.

Chukua TOEM, ya kutoka Uswidi, 2021. Dunia yote ni nyeusi na nyeupe. Unatembea na kamera, unakutana na mtu ana shida, na jibu la shida yake ni picha. Lakini Viewfinder ya 2023 ndiyo ilinimaliza. Njia imekatika mbele yako? Unashika picha ya daraja juu ya pengo, na daraja linakuwa la kweli, unavuka. Ukishika picha vibaya, daraja linatokea limelala upande. Na chochote picha ilichofunika kinafutika. Hadithi yenyewe unaiokota kidogo kidogo, kwa maandishi na sauti za watu walioondoka.

Kwani hii ni ngeni kwetu? Januari 2016 watu walizunguka kaskazini hii na kamera kuhesabu punda milia wa Grevy, kwenye Great Grevy's Rally. Picha lazima iwe ya ubavu wa kulia, maana mistari ya kila mmoja ni yake pekee, kama alama za vidole. Akikuonyesha kushoto, unangoja ageuke. Si hiyo ni levo, tena ngumu?

Milio ya bunduki za kweli nimesikia ya kutosha, na huko hakuna kubonyeza uanze upya. Leo stima iko. Kuna mdudu mmoja wa TOEM bado ananikwepa.