Mezani kwa Wahabeshi

Atokaye kwao kwenda kuwatumikia watu wa nchi nyingine bila ya mshahara hujiandaa kwa kazi na kwa baridi. Wachache hujiandaa kwa chakula. Nasi tulipokwenda kusomesha kwa kujitolea Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, tuliona kwamba tumbo nalo ni msafiri, nalo huchelewa kufika.

Nchi hii ndiyo Uhabeshi. Yapata mwaka 615, baadhi ya Masahaba wa Mtume Muhammad (s.a.w.) walikimbilia huko kutoka Makka, na Najashi, mfalme Mkristo, akawapa hifadhi. Kwa hiyo Mwislamu aingiapo huko haingii ugenini mtupu.

Lakini mezani ugeni ulikuwapo. Chakula cha kila siku ni injera, mkate mpana wa nafaka iitwayo tefu, yenye punje ndogo kuliko za ulezi. Unga wake huchachushwa siku mbili tatu kabla ya kupikwa, ndiyo sababu ya ukali wake. Sisi tuliozoea wali wa nazi, ukali ule ulitushinda majuma mawili. Tukajipikia maharage kama ya nyumbani. Makaa yakaisha, maharage yakabaki magumu. Mji ule uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwa joto la nyuzi 92 hivi badala ya 100. Tulipoyaroweka usiku kucha, yakaiva, nasi tukala kama walio arusini.

Jambo zito zaidi lilikuwa nyama. Kwa desturi ya nchi ile, Mwislamu hali nyama iliyochinjwa na Mkristo, wala Mkristo wa Kiorthodoksi hali iliyochinjwa na Mwislamu. Tulichelea kwamba mama mwenye nyumba, naye ni Mkristo, angedhani twakidharau chungu chake. Tulipomweleza kwa adabu, alicheka, akasema kwamba naye hufanya vivyo hivyo kwa jirani zake Waislamu. Kisha akatuambia tungoje Jumatano na Ijumaa. Siku hizo Waorthodoksi hufunga, nao huacha nyama, maziwa, siagi na mayai. Akatupakulia shiro, yaani mchuzi mzito wa unga wa dengu, pamoja na adesi na mboga za majani. Siku za mfungo wake zikawa siku za shibe yetu.

Tulikula naye katika sinia moja, kwa mkono wa kulia, kama ilivyo kwetu. Alikunja tonge la injera akatutia kinywani kwa mkono wake. Heshima hiyo huitwa gursha, na mgeni haikatai. Kisha ikaja kahawa kwa duru tatu, na duru ya tatu jina lake ni baraka. Neno hilo halikuhitaji mkalimani.

Enyi vijana mtakaosafiri kwa kazi kama hizo, elezeni mapema na kwa upole yale ambayo dini yenu imewakataza, na mengine waulizeni wenyeji. Mara nyingi watakuwa na mipaka yao wenyewe, na kwa sababu hiyo wataiheshimu yenu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wageni wema na wenyeji wema. Amin.