Maradhi Yasiyotajwa Barazani

Akina mama nao wasiupite ukurasa huu, kwani jambo lenyewe linawahusu kama linavyotuhusu sisi.

Nilikuwa na umri wa miaka 52, miaka 20 na ushei nikiishi Uingereza, nguvu za kiume ziliponipungua. Hazikuondoka kwa siku moja. Zilipungua kama maji ya kisima wakati wa kiangazi: leo yapo, kesho haba, kisha ndoo inagonga mchanga. Mke wangu hakunena neno, ila baada ya miezi kadhaa aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeoa kwingine. Swali lile lilinichoma kuliko maradhi yenyewe. Nikamweleza ukweli, naye akajibu: "Basi mume wangu, jino likikuuma si unakwenda kwa daktari?"

Nilitarajia maswali ya chumbani. Daktari akaanza na shinikizo la damu, akauliza habari za sigara, usingizi, zamu za usiku na dawa ninazotumia, kisha akaagiza damu ipimwe sukari, mafuta na homoni. Aliuliza pia kama mwili huamka wenyewe alfajiri. Ukiamka, mara nyingi mishipa ni salama, na chanzo hutafutwa katika dhiki, huzuni au mgogoro wa nyumba. Wangu haukuwa ukiamka. Majibu yalipotoka, ikadhihirika kuwa nina kisukari.

Kusimama kwa dhakari ni kazi ya damu. Mishipa inayoipeleka huko ina upana wa milimita 1 hadi 2, ilhali ile ya moyo ina 3 hadi 4. Mafuta yanapoanza kuziba mishipa ya mwili mzima, taabu hujitokeza kwanza penye wembamba. Ndiyo maana upungufu huu huweza kutangulia maradhi ya moyo kwa miaka 2 hadi 5. Wala si wachache tulionao: uchunguzi wa Massachusetts, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, uliukuta kwa kiasi kikubwa au kidogo katika wanaume 52 kwa kila 100 wenye miaka 40 hadi 70.

Barazani kwetu huzungumzwa husuda, uchawi na chupa za asali. Hizo asali "za nguvu" ndizo zinazonitisha. Mwaka 2022 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilionya kwamba katika baadhi yake mlifichwa sildenafil au tadalafil, bila kuandikwa kwenye chupa wala pakiti. Mwenye kutumia vidonge vya naitreti kwa maumivu ya kifua akilamba asali hiyo, shinikizo lake la damu huweza kuporomoka hata akafa. Ajabu ni kwamba mtu amekimbia dawa ya daktari, kisha anainywa ile ile bila kipimo!

Sildenafil ilizaliwa hapa hapa Uingereza, katika maabara ya Sandwich, Kent, ikijaribiwa kwa maumivu ya kifua. Ikaidhinishwa kwa kazi hii mwaka 1998. Tangu 2018 mfamasia wa hapa aweza kuiuza bila cheti cha daktari, baada ya kukuhoji. Haileti matamanio, hulegeza mishipa tu. Humezwa saa moja kabla, na mlo wa mafuta huichelewesha, kwa hiyo aliyefuturu kwa sambusa na biriani asiilaumu dawa. Tadalafil hudumu hadi saa 36. Wasiofaliwa na vidonge wana pampu, sindano, na mwisho kabisa upasuaji.

Mimi nimeacha sigara, natembea kila siku, na sukari imeshuka. Nguvu zimerudi kiasi, si zote. Nyumba imetulia.

Limebaki la wazee wetu wasiojua Kiingereza. Tumezoea kwenda kwa daktari na mtoto atutafsirie, lakini ni baba gani atakayemwambia binti yake aseme haya? Matokeo yake wengi hunyamaza. Unapoweka miadi, omba mkalimani wa Kiswahili. Hulipi chochote, mara nyingi huzungumza kwa simu, na waweza kuomba awe mwanamume. Mpokeaji wagonjwa akikuuliza shida yako, mwambie ni jambo la faragha.