Mgeni Mwenye Kamera

Glod ni kijiji kidogo cha Waroma nchini Romania, kwenye jimbo la Dâmbovița. Ni kijiji maskini, na kazi ya mshahara huko ni ya kubahatisha. Huko ndiko mchekeshaji wa Uingereza, Sacha Baron Cohen, na mwongozaji wa Marekani, Larry Charles, walikokwenda kupiga picha za mwanzo za Borat, filamu iliyotoka mwaka 2006. Ndani ya filamu, Glod si Glod tena. Ni kwao Borat, mwandishi wa habari wa kubuni kutoka Kazakhstan, naye anatutembeza mtaani akitutambulisha kwa majirani: huyu ndiye mbakaji wetu, huyu ni fundi wa magari ambaye pia hutoa mimba. Waliotambulishwa hivyo walikuwa wanakijiji wenyewe, wamesimama mbele ya nyumba zao, wakimtabasamia mgeni anayesema lugha wasiyoielewa.

Mmoja wao alikuwa na mkono uliokatika. Alivishwa kwenye kigutu kitu cha mpira, na baadaye akaja kuambiwa kuwa kile ni kifaa cha ngono. Kila nikifika kwenye picha ile, kicheko huniisha kabisa. Sehemu za Marekani, ambako Borat anakwenda baadaye kuhoji watu, zinanichekesha hadi leo, na nadhani zitaendelea kunichekesha. Ile ya Glod siiwezi.

Wanakijiji walieleza kwamba waliambiwa inatengenezwa filamu ya kuonyesha ugumu wa maisha yao, na kwamba walichopata mkononi ni dola chache. Studio ilikanusha, ikasema malipo yalikuwa mazuri kwa viwango vya Romania. Wawili wakafungua kesi New York wakidai dola milioni 30. Jaji akaona madai hayajaeleza vya kutosha nani alidanganya nini, na kesi ikafa. Wakati huo filamu ilikuwa inaelekea kuingiza zaidi ya dola milioni 260 duniani kote.

Mimi sishughuliki sana na hesabu za malipo. Hata kama kila mtu pale angelipwa mara kumi, bado angekuwa ameuza kitu ambacho hakuonyeshwa. Waroma wa sehemu ile ya Romania walikuwa watumwa, wakinunuliwa na kuuzwa, hadi mwaka 1856. Kizazi baada ya kizazi wamesemwa kuwa wezi, wachafu, watu wa kuogopwa. Anayefika kwao na kamera anazikuta hadithi hizo zimeshawatangulia. Hivyo mtazamaji wa mbali akisikia kwamba huyu ni mbakaji, akilini mwake kuna mahali palipotayarishwa zamani pa kuliweka neno hilo, ijapokuwa anajua anatazama mzaha.

Ipo filamu nyingine ambayo naipenda kwa sababu inanisaidia kuuona mgogoro huu vizuri zaidi. Kiangazi cha mwaka 1951, mwongozaji John Ford alifika Cong, kijiji cha jimbo la Mayo, magharibi mwa Ireland, akiwa na John Wayne, Maureen O'Hara na shehena ya mitambo kutoka Hollywood. Wakakaa Ashford Castle, wakapiga picha za The Quiet Man. Nayo ni ya kuchekesha: bondia aliyeua mtu ulingoni Marekani anarudi kijiji alikozaliwa, anataka kuoa, anakwama kwenye mila asizozijua. Kuna mshenga mlevi anayewafuata wachumba kila hatua kwa gari la farasi. Kuna shemeji mbabe anayeikalia mali ya harusi ya dada yake. Na kuna padri Mkatoliki anayewaamuru waumini wake wampigie askofu wa Kiprotestanti vigelegele, ili mchungaji jirani yao, ambaye kundi lake ni dogo mno, asije akahamishwa. Mila za watu zinachezewa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Lakini Ford alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Galway, jirani tu na Cong. Alinunua haki za hadithi ile miaka ya 1930 na akazunguka nayo studio hadi studio. Kampuni iliyokubali kuitoa, Republic, ilimtaka kwanza atengeneze filamu ya wachunga ng'ombe ili fedha zisipotee. Alipofika Ireland alijaza ndugu kila kona: kaka yake mwenyewe ndani, kaka zake Maureen O'Hara ndani, na Barry Fitzgerald na mdogo wake Arthur Shields kutoka jukwaa la Abbey, Dublin. Wanakijiji wa Cong wakaonekana barabarani na kwenye pigano refu la mwisho kati ya bondia na shemeji. Ilikuwa miaka ya watu kuihama nchi. Katika muongo ule Waayalandi karibu 400,000 walikwenda kutafuta maisha ng'ambo. Filamu kuhusu mtu anayerudi haikuwa jambo dogo kwao.

Sisemi ni filamu safi. Mume anamburuta mkewe mashambani na mama mmoja anampa fimbo amchape nayo, na watazamaji tunatakiwa tucheke. Hapo sicheki, na wapo Waayalandi waliolalamika kwamba nchi yao imegeuzwa kadi ya posta yenye walevi. Hata hivyo Cong waliipokea kama yao. Duka lililobandikwa jina la baa kwa ajili ya picha lilikuja kugeuzwa baa kweli. Wayne aliyembeba O'Hara amesimamishwa sanamu pale kijijini. Na mwishoni mwa filamu wahusika wanaigeukia kamera na kutupungia mikono. Ford aliwaachia wanaochekesha nafasi ya kututazama nasi.

Sisi tuliolelewa na utani tunalijua jambo hili kabla hatujaenda sinema. Mzaramo na Msukuma wanaweza kutupiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema patatokea vita. Mtani anaingia msibani, anamsema marehemu kwa ubahili wake, anaiga alivyokuwa akitembea, na wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Ana ruhusa hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni huyohuyo atakayechota maji, apike na kusimamia kaburi. Pili, kesho zamu itageuka, na maneno aliyoyatoa yatamrudia mwenyewe pamoja na riba. Mtani hana njia ya kutoroka. Watu wa filamu walipomaliza kazi Glod walipakia vifaa vyao wakaondoka, na wanakijiji waliojaribu kujibu walilazimika kwenda kujibia New York, kwa Kiingereza, kupitia mawakili.

Linganisha na Kazakhstan, ambayo ndiyo hasa iliyotajwa kwa jina. Mwanzoni serikali yake ilikasirika na kutishia mashtaka. Mwaka 2012 waziri wake wa mambo ya nje akasema hadharani kwamba anamshukuru Borat, kwani maombi ya viza yameongezeka mara kumi. Mwaka 2020 bodi ya utalii ikauchukua msemo maarufu wa Borat na kuutangazia milima na masoko ya nchi. Taifa lina mabalozi, lina fedha za matangazo, linaweza kuugeuza mzaha ukawa mtaji. Glod haikuwa hata na jina lake kwenye mzaha wenyewe.

Mpwa wangu anatengeneza vichekesho vya simu huko Tanga. Anakwenda stendi, anamwuliza kondakta au muuza kahawa swali la ajabu kwa uso mkavu, anarekodi, anarusha. Ana kipaji, nami namtazama kwa fahari. Nilipomsimulia habari za Glod alinijibu bila kusita, "Mjomba, nikimwambia mtu mapema, hakuna atakayecheka. Uso unakuwa wa uongo."

Hoja yake ni ya Baron Cohen mwenyewe, na haistahili kudharauliwa. Wale Wamarekani waliotoa chuki zao mbele ya Borat wasingezitoa wangejua ni nani. Ila wao walinaswa kwa maneno yao wenyewe. Watu wa Glod hawakutamka neno, walibandikwa maneno. Nikamwambia mpwa wangu kwamba muuza kahawa akisema jambo la kuchekesha, hilo ni lake, mwache ang'are. Ukimwandikia chini ya picha kwamba ni mchawi wa mtaa, mwonyeshe kabla hujarusha.

"Na akikataa?"

"Unaifuta."

"Hata kama ndiyo nzuri kuliko zote?"

"Hiyo hasa."

Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama trafiki anayechukua chochote barabarani naye aonyeshwe kwanza na kuombwa ridhaa. Nikasema hapana, huyo arekodiwe. Akataka nimweleze mpaka uko wapi, kati ya trafiki na kondakta, kati ya kondakta na mzee wa kahawa, na diwani yuko upande gani, na mwalimu wake wa zamani je. Tulibishana hadi adhana ya magharibi, na kwa mwalimu hatujaafikiana mpaka leo.